Nani Aliirudisha Sauti ya Tupokigwe

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya babu wa babu, ni zamani hii hii yetu, simu zikiwa zimeshaingia kila nyumba na mvua ya Tukuyu ikiwa bado haijui kukatika, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Tusekile. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Mapenzi yake yalikuwa gitaa. Mchana cherehani, jioni gitaa, na nyimbo alizotunga zilikuwa nyingi kuliko sare alizoshona.

Tusekile alikuwa na mama yake, Tupokigwe, mchuma chai. Huyu nimweleze vizuri, maana bila yeye hatuna hadithi. Asubuhi mashamba ya chai huwa yamefunikwa na ukungu, mchumaji hamwoni mwenzake wa mstari wa pili. Basi Tupokigwe ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Yeye akiita, wanawake wanaitika, na kwa kuitika kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi. Sauti yake haikuwa nyororo. Mwishoni mwa kila mstari ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama kitambaa kipya kinapochanwa. Watu waliupenda ule mkwaruzo. Kuna waliosema kwamba asiposikika asubuhi, hata chai yenyewe huwa nzito kuchumika.

Siku moja Tusekile alichukua nyimbo zake mbili akazipeleka studio mjini. Fundi wa studio, kijana mwenye haraka zake, alisikiliza nusu wimbo, akasema, "Poa dada, nimekuelewa."

Hakumwelewa. Nyimbo ziliporudi, ngoma zilikuwa juu ya kila kitu, gitaa limezama, na sauti yake imenyooshwa kwa mashine hadi haina kona hata moja. Tusekile alimpigia mama yake nyimbo hizo asikilize. Mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Pole, mwanangu," akasema Tupokigwe.

Neno hilo lilimkaa Tusekile kifuani. Kesho yake alifunga cherehani mapema akaenda kumtafuta Ambakisye.

Ambakisye alikuwa fundi mitambo wa kanisani, mwanamume wa makamo, hajaoa, mwenye majivuno kidogo na spika mbili kubwa ambazo hakumruhusu mtu azifute vumbi. Kila kwaya ya pale ilipita mikononi mwake. Tusekile alimkuta anatengeneza waya wa kipaza sauti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta sare?"

"Sikuleta sare. Nataka unifundishe kuchanganya sauti. Nataka nyimbo zangu nizirekodi, nizichanganye, nizimalize mwenyewe."

"Kwani mafundi wameisha?"

"Hawajaisha, fundi. Ila wananimaliza mimi."

Ambakisye akacheka, na kwa kicheko hicho akakubali. Alimkalisha kati ya zile spika mbili, akamwekea wimbo wa kwaya, akamwambia afumbe macho. "Niambie nani kasimama wapi. Besi wako wapi? Kinanda kiko wapi? Nani yuko mbele, nani kajificha nyuma?" Siku za mwanzo Tusekile hakusikia kitu ila wimbo. Siku zikapita, akaanza kuwasikia mmoja mmoja, kama mtu anayezoea giza la chumba na kuanza kuona viti.

Kisha akapewa kompyuta ya Ambakisye aanze kuchanganya. Hapo ndipo shida ilipoanza. Gitaa halisikiki, akapandisha gitaa. Gitaa likaifunika sauti, akapandisha sauti. Sauti ikaifunika ngoma, akapandisha ngoma. Mwisho wimbo mzima ukawa kama watu wanaogombea mlango mmoja.

"Shusha," Ambakisye akamwambia.

"Nishushe nini?"

"Usichotaka kukisikia. Ukitaka sauti isikike, usiipandishe sauti. Shusha kinachoiziba."

Akashusha gitaa, Ambakisye akasema shusha. Akashusha ngoma, Ambakisye akasema shusha. Akachukua ekwalaiza, akapunguza mngurumo wa chini wa gitaa ili besi ipate pa kukaa, na Ambakisye akasema, "Bado. Shusha." Wimbo ukabaki mwembamba, lakini kila kitu ndani yake kikawa kinasikika. Tusekile akajikuta anatabasamu peke yake. Kwa muda wa msimu mzima wa mvua alikwenda pale kila alipomaliza kushona. Alikosea, akafuta. Akakosea tena, akafuta tena. Mpaka ikafika siku Ambakisye akasikiliza wimbo wake wote bila kusema neno "shusha", na hiyo kwa Tusekile ilikuwa kama cheti.

Sasa sikilizeni. Katika siku hizo hizo, shingo ya Tupokigwe ilikuwa inavimba.

Tezi ilikuwapo kwa miaka, ndogo, yeye akiifunika kwa kilemba tu na kuendelea na kazi zake. Sasa ikaanza kukua na kumbana koo. Akipanda mlima anahema. Akilala chali anakohoa. Wakampeleka kwa daktari, na daktari, mama mmoja mpole, akawaeleza bila kuzunguka: tezi lazima itolewe. Upasuaji wenyewe wanaujua. Ila mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo kwenye tezi. Watakuwa waangalifu. Mara nyingi sauti inarudi. Mara nyingine inarudi imebadilika. Na mara chache hairudi.

Waliporudi nyumbani, mlangoni Tupokigwe akamwambia bintiye, "Ikienda, nitabaki na mikono. Chai inachumwa kwa mikono."

Tusekile aliingia jikoni akageuza uso ukutani ili asionekane. Akatoka akasema, "Mama, kabla ya kwenda hospitali, nikurekodi. Ule wimbo wa ukungu."

Waliomba chumba kwa Ambakisye. Wakasimamisha magodoro ukutani sauti isirudi rudi, wakangoja mvua iache kupiga mabati. Walingoja sana. Mvua ilipotulia, Tupokigwe akasimama mbele ya kipaza sauti na kilemba chake, mikono nyuma kama mwanafunzi, akaimba:

*Nani yuko upande wa pili,*
*aniitikie nimjue.*
*Ukungu umeficha njia,*
*haujaficha jina lako.*

Aliimba mara moja, mwanzo mpaka mwisho, na ule mkwaruzo wake ukiwa mahali pake. Alipojaribu mara ya pili, kikohozi kikamkata, akakaa chini akishika koo. Mara ya pili haikupatikana. Toka siku hiyo pumzi ilizidi kuwa fupi, na daktari akamkataza kuimba mpaka atakapopasuliwa.

Kwa hiyo ikabaki ile moja. Tusekile aliilinda kama yai. Akamwambia kila mtu, na hasa mdogo wake Lusajo: "Wimbo haujaiva. Mtu asiuguse, mtu asiukopi, mtu asiutoe humu ndani."

Lusajo alikuwa dereva wa bodaboda. Alimpenda mama yake kupita maelezo, na alimwogopa kidogo dada yake. Akaitikia, "Sawa, dada." Mnaomjua kijana wa namna hiyo mnajua "sawa" yake ina uzito gani.

Tusekile akaanza kazi. Akaweka gitaa, akaweka ngoma, akaimba kiitikio yeye mwenyewe, sauti juu ya sauti, mpaka akawa kama wanawake wa shamba zima. Lakini sauti ya mama aliiona imekaa katikati, ndogo, na yeye alitaka ijaze chumba. Akamuuliza Ambakisye. Ambakisye akamwonyesha mbinu yake ya kupanua, ambayo hakuwa amemfundisha mtu mwingine: unaichukua sauti moja unaifanya mbili, moja unaitupa kulia, nyingine kushoto, na hiyo ya kushoto unaigeuza, ile inaposukuma hii inavuta. Tusekile akafanya hivyo. Wakaupiga wimbo kwenye zile spika kubwa mbili, na sauti ya Tupokigwe ikatanda ukuta hadi ukuta.

Ambakisye akapiga makofi. Wanakwaya waliokuwapo wakapiga makofi. Mchungaji akapita akasema, "Hii sasa ni kazi." Tusekile akajiona amefika.

Hakuwa amefika.

Siku ya gulio alikwenda sokoni, wimbo ukiwa kwenye simu yake. Pale sokoni alikuwapo Mama Ngwitika, muuza ndizi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Mama huyu na Tupokigwe hawakuwa wakisalimiana. Waligombana kuhusu mpaka wa shamba enzi hizo, na hata mpaka ulipowekwa sawa, salamu haikurudi. Tusekile hakutaka kumpigia yeye wimbo. Aliwapigia wauza mboga. Wakasifu, "Jamani, umeimba!" Mama Ngwitika akanyoosha mkono. "Nipe na mimi nisikie."

Akaishika ile simu karibu na sikio, akasikiliza wimbo wote, toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akairudisha.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yumo humo, mama. Ndiye anayeimba."

"Wewe ndiye unayeimba. Wewe na wenzako. Mama yako hayumo. Au mmeshamzika kabla ya kupasuliwa?"

Tusekile aliifumbata simu yake akaondoka, machozi yakimtoka, akimlaani yule mwanamke kwa kila hatua. Lakini alipofika nje ya soko akasimama. Akaisogeza simu sikioni. Akasikia gitaa. Akasikia ngoma. Akasikia kiitikio chake mwenyewe. Mahali ambapo mama yake alikuwa anaimba palikuwa patupu.

Alikimbia mpaka kwa Ambakisye. Wakaujaribu wimbo kwenye redio ndogo yenye spika moja, hivyo hivyo. Wakaujaribu kwenye simu ya mtu mwingine, hivyo hivyo. Ambakisye akajipiga paji la uso. Kwenye spika mbili zile sauti zinakaa mbali mbali na zinatanda. Kwenye spika moja zinakutana, moja inasukuma, nyingine inavuta, na zinafutana. Hakubaki mtu.

"Na wachuma chai wanasikilizia nini?" Tusekile akauliza. "Wanasikilizia simu, fundi! Redio za spika moja!"

"Tunarekebisha," akasema Ambakisye, na sauti yake haikuwa na majivuno tena. "Sauti yenyewe ipo kwenye kompyuta. Kesho tunarekebisha."

Kesho yake mchana, kabla Tusekile hajafika, ilikuja mvua ya radi. Radi ikapiga nguzo ya umeme ya barabarani, umeme ukaingia ndani kwa kishindo, na kompyuta ya Ambakisye ikatoa moshi. Aliichomoa haraka. Aliibeba akampelekea fundi wa kompyuta, na fundi akatikisa kichwa. Kila kitu kilichokuwamo kilikuwa kimeungua: kwaya za miaka yote, ngoma, gitaa, na sauti ya Tupokigwe.

Ambakisye alikuja mwenyewe kumweleza Tusekile. Alimkuta anamfungia mama yake kanga kwenye mfuko, maana safari ya hospitali ilikuwa asubuhi inayofuata. Alimwita nje. Tusekile aliposikia, aliketi kwenye ngazi palepale, juu ya tope. Kilichobaki duniani ni ule wimbo kwenye simu yake, ambao simu ilikuwa imeubana kuwa wa spika moja, na mama yake hayumo. Na mle ndani mama alikuwa anakohoa.

Lusajo alikuwa pembeni anaosha pikipiki. Akaacha kuosha. Akaja polepole, ameshika kofia ya pikipiki mbele ya tumbo kama ngao.

"Dada. Usinipige."

"Unasema nini?"

"Ile siku ulipotoka kwa fundi kwenda kununua vocha, niliingia. Nilikopi sauti ya mama kwenye memori kadi. Yake peke yake, bila gitaa. Huwa naisikiliza kijiweni nikisubiri abiria."

Tusekile akasimama. Akainua mkono, na kweli alitaka kumpiga, kwa sababu alikuwa amekataza na kijana aliitikia sawa. Mkono ukafika hewani ukakosa kazi. Ukashuka ukamvuta kijana kifuani, na wote wawili wakalia, na Ambakisye akageuka akatazama migomba.

Sasa kazi ikaanza upya. Ambakisye alikwenda kumpigia magoti katibu wa kanisa mpaka akapewa kompyuta ya ofisi. Wakati Lusajo amempeleka mama hospitali na kulala naye huko, Tusekile alibaki na ile sauti tupu, bila gitaa, bila ngoma, bila kitu. Kabla ya kugusa chochote aliikopi mara tatu, moja akamwachia mchungaji. Halafu akaisikiliza. Na ilipokuwa tupu namna ile, ndipo aliposikia kitu ambacho hakuwa amekisikia: mama yake alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila mstari, na pumzi hiyo ilikuwa ndiyo mdundo. Haikuhitaji ngoma.

Akapiga gitaa moja tu. Akaimba kiitikio mara moja tu, akakiweka nyuma, kama mtu anayeitikia toka mbali. Sauti ya mama akaiweka katikati, moja, bila kuigawa, bila kuigeuza. Akashusha kila kilichoiziba, na hakuna aliyemwambia shusha. Akaacha siku nzima bila kusikiliza, masikio yapumzike. Akarudi, akashusha tena kidogo.

Ikabaki ile hatua ya mwisho, ya masta, ambapo wimbo unawekwa sawa ili usimame vilevile kila unakopigwa. Ambakisye akasema, "Hapa sasa pandisha. Nyimbo zote za redioni zinagonga. Wako ukiwa chini utaonekana dhaifu."

"Nikipandisha, ule mkwaruzo unapotea, fundi. Kila kitu kinakuwa sawa na kila kitu."

"Pandisha kidogo."

"Shusha," Tusekile akamwambia, na Ambakisye akabaki mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Akaujaribu kwenye spika kubwa. Mama yumo. Akaujaribu kwenye redio ndogo. Mama yumo. Akaujaribu kwenye simu. Mama yumo. Halafu akapanda gari la kwenda hospitali.

Alipofika, Tupokigwe alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji. Bandeji shingoni, macho ameyafumba. Daktari alisema tezi imetoka yote, mgonjwa yuko salama. Kuhusu sauti, asiulizwe kwanza, asisemeshwe, tungoje. Tusekile na Lusajo wakakaa upande huu na huu wa kitanda wakingoja. Mama alipofumbua macho akawatazama, akafungua mdomo. Kilichotoka ni hewa tu. Akafungua tena. Hewa. Machozi yakamtiririka kwenda masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Lusajo akatoka nje. Alishindwa. Tusekile hakutoka. Alichukua simu yake, ile ile ya spika moja, akailaza kwenye mto karibu na sikio la mama yake, akabonyeza.

*Nani yuko upande wa pili, aniitikie nimjue.*

Mama yumo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Muuguzi aliyekuwa anapita na sinia la dawa akasimama. Tupokigwe alisikiliza, midomo ikifuata maneno bila sauti, na ulipoisha akaonyesha kwa kidole: tena. Ukapigwa tena. Akaonyesha: tena. Siku ile yote na ya pili yake wimbo ulipigwa mpaka wodi nzima ikakijua kiitikio.

Asubuhi iliyofuata, Tusekile alikuwa anampaka mama yake mafuta miguuni, wimbo unalia kwenye simu pale juu ya mto wa kitanda. Akasikia mtu anasema, kwa sauti nzito, ya chini, iliyokwaruza kuliko zamani:

"Gitaa lako limechelewa kuingia."

Tusekile akageuka kutazama nani kasema. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Pale mwanzo," akasema Tupokigwe. "Limechelewa."

Ndugu zangu, Tusekile aliangusha chupa ya mafuta, akatoka mbio kwenye korido akimwita Lusajo kwa jina la utotoni, na wauguzi walimfuata wakidhani kuna mtu amefariki. Walipojua ni kwa nini, mmoja wao akapiga kigelegele, akakumbuka alipo, akaziba mdomo. Daktari alikuja, akamsikiliza mgonjwa, akatabasamu. Sauti imeshuka chini, akasema, na pumzi itakuwa fupi kwa muda, lakini mshipa ni mzima. Ataimba. Kidogo kidogo, lakini ataimba.

Wakarudi nyumbani. Redio ya pale mjini ikaupata wimbo, na mashambani wachumaji wakausikia kwenye redio zao ndogo, wakaitikia kama kawaida. Hata gitaa lilirekebishwa, likaingia mahali pake.

Sasa tunafika penye kazi yenu.

Tupokigwe alipopata nguvu alisema kuna kitu kimepungua kwenye wimbo. Toka zamani wimbo wa ukungu, ukifika mwisho, muimbaji humtaja mtu mmoja na kumshukuru, na jina hilo hubaki ndani ya wimbo kila unapoimbwa. Siku ile ya kurekodi alikuwa hajamtaja mtu. Sasa anataka kumtaja aliyeirudisha sauti yake. "Lakini pumzi yangu mnaijua," akasema. "Inatosha jina moja. Nikiongeza la pili nitakohoa, mtaurekodi wimbo wa kikohozi."

Walikuwa sebuleni kwake, wanakula ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Kipaza sauti kilikuwa kimesimamishwa, magodoro yako ukutani, mvua imetulia. Ambakisye akafuta mikono.

"Mimi sipendi kujisifu," akaanza, na watu wakatazamana. "Lakini binti huyu alikuja kwangu hasikii besi. Masikio anayotumia ni yangu. Chumba changu, kipaza sauti changu. Na kompyuta iliyoungua na kazi zangu za miaka yote, iliungua kwa sababu niliiacha kwenye umeme ikiwa tayari kwa ajili yako, dada Tupokigwe. Sikudai hata waya."

"Na mbinu iliyommeza mama ilikuwa ya nani?" akauliza Lusajo.

"Ilikuwa yangu. Sikatai."

"Basi mimi," akasema Lusajo. "Dada anajua kuchanganya, sawa. Fundi anajua kufundisha, sawa. Wangechanganya nini? Sauti ilikuwa imebaki mfukoni mwangu tu, dunia nzima."

"Uliiba," akasema Tusekile. "Nilikukataza, ukaitikia sawa."

"Ningetii, leo tungekuwa na nini?"

Ambakisye akasema kwamba kijana hakuokoa chochote kwa kukusudia, alikuwa anajifurahisha tu kijiweni. Lusajo akajibu kwamba hakuwa anajifurahisha, alikuwa anamwogopea mama yake, na kila mtu anaogopa kwa namna yake.

Mama Ngwitika naye alikuwapo. Ndizi zile ni zake. Alikuja nazo siku mgonjwa aliporudi, akazishusha mlangoni, akasema "Pole na safari," na ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza toka ule ugomvi.

"Mimi sikuja kudai kitu," akasema. "Lakini nitasema. Kanisa zima lilipiga makofi. Soko zima lilisifu. Aliyesema hayumo ni mimi. Ningenyamaza, mngempelekea mama hospitalini simu ambayo yeye hayumo, na siku ile alipofungua mdomo ikatoka hewa, angesikia nini?"

"Ulisema ili kuniumiza, mama," Tusekile akamwambia, kwa upole.

Mama Ngwitika akainama akachambua ganda la ndizi. "Nilitaka kukuumiza, ndiyo. Lakini niliusikiliza wote kwanza, namtafuta. Miaka yote ile hatusemi, asubuhi nilikuwa namsikia anaimba. Niliizoea sauti yake. Nilipomkosa humo ndani nikakasirika."

Tupokigwe akamgeukia bintiye. "Na wewe?"

Tusekile alitaka kusema kwamba mtoto hamdai mama yake. Alifungua mdomo aseme hivyo, akaona si kweli.

"Nataka liwe langu," akasema. "Sitajifanya sitaki. Fundi alinifundisha, Lusajo alitunza, Mama Ngwitika aliniambia. Lakini aliyekaa akashusha, akafuta, akaanza upya, mama ukiwa chini ya kisu na mimi sijui kama utarudi, ni mimi. Na wazo la kukurekodi ni langu. Najua pia kwamba ni mimi niliyekupoteza humo ndani, kwa kutaka uwe mkubwa. Ila niliyekurudisha ni mimi."

Hakuna aliyebisha, na hakuna aliyekubali. Wote wanne walikuwa wanamtazama Tupokigwe, na kwa kweli wote walikuwa na furaha, maana aliyekuwa anatakiwa kuamua alikuwa na sauti ya kuamulia.

Tupokigwe akacheka kidogo, kicheko chake kipya kizito. Akanyanyuka, akafunga kilemba vizuri, akasimama mbele ya kipaza sauti, mikono nyuma. Tusekile akavaa hedifoni, akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Mama akaimba mstari wa mwisho, polepole. Ukaisha. Tusekile akasikia masikioni mwake mama yake anavuta pumzi, pumzi moja, ya jina moja.

Nami naiachia pumzi hiyo hapo hapo, kifuani mwa mama yule, mniambie nyinyi mliosikia yote. Yuko aliyefundisha, na mbinu yake nusura imfute. Yuko aliyetunza kwa kuvunja amri. Yuko aliyesema kweli kwa hasira. Na yuko aliyefanya kazi, baada ya kuiharibu mwenyewe. Je, mngekuwa nyinyi ndio Tupokigwe, mngemtaja nani?